Spageti ya nyanya za sokoni kwa nusu saa: kwa nini mchuzi unabaki majimaji

Swali: Habari mtaalamu. Nikipika spageti kwa nyanya za sokoni mchuzi unakuwa majimaji. Nikipakua, tambi zinakaa juu na chini ya sahani kunabaki dimbwi la maji mekundu. Nikiongeza nyanya ya kopo mchuzi unashika, ila chakula chote kinakuwa na ladha ya kopo. Halafu spageti zenyewe hushikana mabonge. Watoto wakitoka shule nina nusu saa tu. Nina jiko la gesi la plate mbili na fraipani moja pana. Nakosea wapi? (Mama wa watoto watatu, Arusha)

Jibu: Pole na majukumu, dada. Uliyoyaeleza ni matatizo mawili, na yote yanatokana na maji. Maji ya nyanya yamebaki mengi kuliko inavyotakiwa, na maji ya tambi umeyamwaga yote wakati ulikuwa unayahitaji. Nyanya ya kopo inaficha tatizo la kwanza bila kuliondoa. Iache kabatini.

Nyanya mbivu ni maji kwa karibu asilimia 94. Ukikata kilo nzima na kuitia yote kwenye fraipani kwa mara moja, inabidi uchemshe muda mrefu mpaka maji yapungue, na kufikia hapo nyama ya nyanya imepikika kupita kiasi na harufu yake nzuri imeshaondoka na mvuke. Ukizima mapema ili kuokoa ladha, maji yanabaki. Wapishi wengi wanazunguka hapo hapo kati ya hasara hizo mbili. Njia ya kutoka ni kutenganisha: maji ya nyanya yapikwe kwanza, peke yake, kwa moto mkali, mpaka yawe mazito, nyama ya nyanya iingie mwishoni, kwa dakika chache tu. Ukilishika hilo, mengine yote ni mpangilio wa muda.

Tuanze sokoni, maana huko ndiko nusu ya kazi inakoharibikia. Chagua nyanya ndefu zenye umbo la yai: Roma, Rio Grande, Cal J, Tanya, au Tengeru 97 ambayo ilitoka kwenye utafiti wa hapo Tengeru, jirani na wewe. Hizi zina nyama nene na ute mchache. Nyanya za duara zilizo laini, kama Moneymaker, ni tamu kwenye kachumbari lakini zina maji mengi; kwa pishi hili zitakuongezea dakika tano jikoni. Angalia pia uivaji. Nyanya nyingi huchumwa zikiwa zimeanza tu kugeuka rangi ili zivumilie safari kwenye tenga, hivyo unazikuta nyekundu kwa nje na bado ni chachu. Ziache mezani siku mbili au tatu, kikonyo kikiangalia chini, mpaka zibonyee kidogo kwa kidole gumba na zitoe harufu zikinuswa pale kwenye kikonyo. Usiziweke kwenye friji kabla hazijaiva: baridi ya chini ya nyuzi 12 hivi husimamisha uivaji na kuua harufu. Nyanya zilizobonyea au kupasuka kidogo, zile zinazouzwa kwa bei ya chini jioni, zinafaa kabisa kama hazina ukungu wala harufu ya kuchacha. Zitumie siku hiyo hiyo.

Kwa watu wanne unahitaji gramu 400 za spageti, kilo moja ya nyanya (kumi hadi kumi na mbili za saizi ya kati), punje tatu za kitunguu saumu, vijiko vinne vya chakula vya mafuta, chumvi, na mwishoni kijiko kimoja cha chakula cha siagi au gramu 40 za jibini ngumu iliyokwaruzwa. Mafuta ya zeituni ndiyo ya asili ya pishi hili, lakini mafuta ya alizeti yanafanya kazi vizuri. Chukua yaliyosafishwa, kwa sababu yale ya kukamuliwa ambayo hayakusafishwa yana harufu kali inayofunika nyanya. Majani ya rehani, kama unayo, machache tu. Angalia usichanganye rehani na kivumbasi: ni ndugu, lakini kivumbasi kina ukali unaokaribia dawa, na chakula kitakuwa na ladha hiyo tu. Kotimiri inakubalika, ingawa inapeleka chakula upande mwingine kabisa.

Sasa pakiti ya tambi. Soma nyuma yake. Unatafuta tambi za ngano ngumu, ile inayoitwa durumu. Kwa Waitaliano, tangu sheria ya mwaka 1967, tambi kavu zinazotengenezwa na kuuzwa kwao zinatakiwa ziwe za ngano hiyo, na jikoni faida yake inaonekana. Protini ya durumu hushika wanga ndani ya tambi zinapochemka. Tambi za ngano laini huachia wanga wake haraka, zinavimba, zinanata, na ukikosea kwa dakika moja tu zinakuwa uji. Kama jina la ngano halikuandikwa wazi, tazama protini: gramu 12 au zaidi kwa kila gramu 100 ni dalili njema. Tambi nzuri ina rangi ya manjano iliyokolea kidogo na ukiishika haitelezi sana. Ule ukwaruzokwaruzo ndio unaoshika mchuzi. Kama dukani kuna za ngano laini tu, nunua, ila punguza dakika na ukae karibu na sufuria.

Ukifika jikoni, kabla ya kuvua hata mtandio, bandika sufuria kubwa yenye lita tatu za maji kwenye moto mkubwa na ufunike. Kwenye gesi ya nyumbani maji hayo yatachukua dakika 12 hadi 15 kuchemka. Ukiwa na birika la umeme, chemsha nusu yake humo na utaokoa dakika tano. Wakati yanapata moto, kata alama ndogo ya msalaba kwenye kitako cha kila nyanya, menya kitunguu saumu na ukikate vipande vyembamba. Usikitwange. Kitunguu saumu kilichotwangwa kinaungua ndani ya sekunde chache, na kikishaungua uchungu wake hauondoki kwa sukari wala kwa kitu kingine.

Maji yakichemka, kabla ya kuweka chumvi na tambi, tumbukiza nyanya humo kwa sekunde 20 hadi 30. Zitoe kwa mwiko wa matundu, zitie kwenye bakuli la maji baridi, ganda litatoka lenyewe pale ulipokata. Maji hayo hayo ndiyo utakayopikia tambi, kwa hiyo hujapoteza gesi. Usiruke hatua hii ukiwa na nyanya ndefu za sokoni: zinapendwa na wachuuzi kwa sababu ganda lake ni gumu na linastahimili safari, na ganda hilo likipikwa linajikunja kama sindano, watoto wanalitema.

Kata kila nyanya katikati, weka chujio juu ya bakuli, kisha kamua kila kipande kwa vidole ili mbegu na ute vidondoke kwenye chujio. Sugua kwa mgongo wa kijiko mpaka zibaki mbegu tupu, uzitupe. Watu wengi huutupa ute huo wakidhani ni maji tu, na ndipo wanapotupa ladha: ute unaozunguka mbegu una glutamati nyingi kuliko nyama ya nyanya, na ndiyo inayoleta ule utamu mzito wa mchuzi. Nyama ikate vipande vya sentimita moja, nyunyizia nusu kijiko cha chai cha chumvi, iache kwenye chujio lile lile juu ya bakuli. Chumvi itavuta maji zaidi yadondoke wakati unaendelea na mengine. Mwishoni utakuwa na kikombe kimoja hadi viwili vya juisi chini na nyama iliyojikausha juu.

Hapa lazima nizungumzie blenda, kwa sababu najua iko mezani. Usiitumie. Blenda inapasua mbegu, na mbegu zilizopasuka huleta uchungu. Inaingiza pia hewa kwenye nyanya, ndiyo maana mchuzi wa blenda huwa na povu na rangi ya waridi badala ya nyekundu. Na kubwa zaidi, inachanganya tena maji na nyama ulivyotaka kuvitenganisha. Siku ukiwa na haraka kweli, tumia grata ile ya kukwaruzia karoti: kata nyanya katikati bila kuimenya, kwaruza upande wa ndani kwenye matundu makubwa, ganda linabaki mkononi. Mimina ulichopata kwenye chujio kwa dakika tano, na uendelee kama kawaida. Mchuzi utakuwa laini bila vipande, lakini unakula mapema.

Weka mafuta na kitunguu saumu kwenye fraipani vyote vikiwa vya baridi, kisha washa moto mdogo. Kwa njia hiyo kitunguu saumu kinatoa harufu yake taratibu ndani ya mafuta. Dakika mbili hadi tatu zinatosha. Kingo za vipande zikianza tu kuwa za dhahabu, mimina juisi yote ya nyanya. Itaruka, kwa hiyo simama pembeni. Panda na moto mpaka juu. Juisi itachemka kwa fujo, mapovu makubwa mwanzoni, kisha madogo na mazito. Ndani ya dakika nne hadi sita itabaki kama robo yake, nzito kama asali nyepesi, na mafuta yataanza kuonekana pembeni. Hapo ndipo nyama ya nyanya inaingia. Ipe dakika nne au tano kwa moto wa juu kidogo ya kati, ukikoroga mara mojamoja. Usiiponde yote, vipande vikilegea na kuachia kingo, inatosha.

Fraipani pana ndiyo inayofaa hapa. Sufuria ya kina inarudisha mvuke kwenye kuta zake, na nyanya zikirundikana zinachemka badala ya kukauka. Kama huna fraipani pana, karai litafaa, mradi lisiwe la chuma tupu: asidi ya nyanya inakula chuma na kuacha ladha ya kutu. Na usifunike kwa namna yoyote. Mfuniko unarudisha chini kila tone ulilolipa gesi kulitoa.

Jinsi ya kujua mchuzi umekuwa tayari: chota kijiko kimoja, kiweke kwenye sahani ya baridi, hesabu hadi kumi. Ukiona duara la maji meupe linatoka na kusambaa pembeni, bado. Ukibaki kilima kimoja, tayari. Jaribio hili dogo litakuokoa kuliko saa yoyote, kwa sababu nyanya za masika zina maji mengi kuliko za kiangazi na dakika hazitalingana.

Kuhusu kitunguu maji, najua wengi hatuanzi mchuzi bila hicho. Hapa si lazima. Ukikitaka, tumia nusu, kikatwe kidogo sana, na kipikwe kwenye mafuta kwa chumvi kidogo dakika sita au saba mpaka kiwe laini bila kubadilika kuwa kahawia, kabla juisi haijaingia. Kikishakutana na asidi ya nyanya hakilainiki tena hata ukikipika nusu saa, na utakuwa unatafuna vipande vigumu ndani ya mchuzi laini. Viungo vya mchuzi vya pakiti viache: vina chumvi, manjano na unga wa kuufanya mchuzi mzito, na havina kazi hapa.

Tambi ziingie kwenye maji wakati juisi inaanza kuchemka kwenye fraipani, kwenye plate ya pili. Kabla ya hapo tia chumvi: kiwango cha kawaida ni gramu 10 kwa kila lita, yaani vijiko vitano vya chai vilivyosawazishwa kwa lita zako tatu. Inaonekana nyingi, lakini sehemu kubwa inamwagwa na maji, na hii ndiyo nafasi pekee ya kuitia tambi ladha ndani. Zitumbukize bila kuzivunja, zisukume taratibu zikilegea, na ukoroge mfululizo kwa dakika mbili za kwanza. Dakika hizo mbili ndizo zinazoamua kama zitashikana, kwa sababu wanga wa juu ya tambi unageuka gundi kabla haujaosheka na maji. Baada ya hapo koroga mara moja kila dakika mbili. Mafuta kwenye maji ya kuchemshia hayasaidii: yanaelea juu, kisha wakati wa kuchuja yanazipaka tambi na kuzifanya ziteleze, mchuzi ukose pa kushika.

Sababu nyingine ya mabonge ni mazoea ya tambi za sukari, zile za Ramadhani, ambazo hukaangwa kisha hutiwa maji ya kupima mpaka yakauke. Zile zinaenda hivyo. Spageti ikipikwa kwa kukaushia inabaki na wanga wake wote kwa nje. Inahitaji maji mengi yanayotokota.

Uko Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, na hili lina maana. Kila ukipanda mita 300 maji yanachemkia karibu nyuzi 1 chini, kwa hiyo kwako yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Dakika zilizoandikwa kwenye pakiti ni za usawa wa bahari. Ikisema 9, tegemea 10 au 11. Dada yako akipika pakiti hiyo hiyo Tanga, atamaliza kabla yako. Anza kuonja mapema. Unatafuta tambi iliyolegea kwa nje lakini ukiikata kwa meno unaona nukta nyeupe ndogo katikati. Hapo imebakiza dakika mbili, na hizo dakika mbili itazimalizia ndani ya mchuzi.

Kabla ya kuchuja, chota kikombe kizima cha yale maji ya tambi na ukiweke pembeni. Kisha chuja haraka, usisuuze kamwe kwa maji baridi, na mimina tambi moja kwa moja kwenye mchuzi zikiwa bado zinadondosha maji. Ongeza nusu ya kikombe, panda na moto mkali, na ugeuze kwa koleo au uma mbili kwa dakika moja na nusu hadi mbili, ukiinua tambi na kuzirudisha. Wanga ulio kwenye maji hayo unaunganisha mafuta na maji ya nyanya, visiachane tena. Utaona mchuzi unabadilika mbele ya macho yako: kutoka vipande na mafuta vilivyo mbalimbali hadi kitu kimoja chenye kung'aa kinachopaka kila utambi. Ukikauka sana, ongeza maji kijiko kwa kijiko. Ukibaki mwepesi, endelea nusu dakika. Pitisha mwiko chini ya fraipani. Njia yake ionekane kwa muda mfupi kisha ijifunge taratibu.

Zima moto ndipo uweke siagi au jibini, na rehani iliyochanwa kwa mkono. Jibini likikutana na moto mkali linaganda mabonge na kunata kwenye fraipani. Geuza mara nyingine, onja chumvi sasa tu, kwa sababu maji ya tambi yameshaleta yake, acha dakika moja, pakua.

Kama nyanya zako zilikuwa chachu hata hivyo, nusu kijiko cha chai cha sukari kwenye juisi inapochemka kinatosha, na siagi ya mwishoni itapunguza ukali uliobaki. Usitie magadi. Yanaua asidi yote pamoja na uhai wa nyanya, na yakizidi kidogo chakula kinakuwa na ladha ya sabuni. Na kama nyanya ni za msimu mbaya, zimepauka na hazina utamu, kijiko kimoja cha chai cha nyanya ya kopo, kikikaangwa kwenye mafuta dakika moja kabla ya juisi, kinaipa mchuzi mgongo bila kusikika. Zaidi ya hapo unarudi kwenye tatizo lako la mwanzo.

Siku gesi ikiisha na umebaki na jiko moja la mkaa, mpangilio unabadilika kidogo. Menya nyanya kwa maji ya kuchemsha ya birika, pika mchuzi kwanza mkaa ukiwa mkali, uepue na usiufunike. Kisha bandika maji ya tambi. Ukishachuja, rudisha tambi kwenye sufuria ile ile, mimina mchuzi na maji uliyoyahifadhi, geuza hapo hapo juu ya mkaa.

Kikibaki chakula cha kesho, bora kibaki mchuzi peke yake: unakaa siku tatu kwenye friji ndani ya chombo chenye mfuniko, na kesho unachemsha tambi mpya. Tambi zilizokwisha changanywa zinanyonya mchuzi na kukauka usiku kucha. Hizo zipashe kwenye fraipani kwa robo kikombe cha maji na kijiko cha mafuta, kwa moto mdogo, ukizigeuza mpaka zilegee.